Punti ikiblokiwa usikimbilie kumlaumu mpigaji: jinsi ya kusoma makosa ya timu maalum kwenye futiboli ya vyuo

Wadau wa futiboli ya vyuo, ile ya Marekani ya helmeti, kuna kitu kinaudhi kila msimu. Punti inablokiwa, watu wanaangalia marudio mara moja tu, wanamwona mpigaji mguu uko juu na jamaa kamrukia kifuani, basi hukumu imeshatoka, mpigaji mzembe. Au wanamdaka yule mlinzi wa mwisho aliyepitwa. Kiukweli mara nyingi huyo unayemwona karibu na tukio ndo mwenye kosa dogo kuliko wote, kosa lenyewe lilishafanyika sekunde moja na nusu nyuma, au lilifanyika kwenye benchi kabla mpira haujaguswa na mtu. Sasa ntaeleza namna ya kulitafuta, na hauhitaji programu ya kulipia, unahitaji video na uvumilivu kidogo.

Kwa wageni haraka haraka: timu imefika dauni ya nne, yani jaribio lake la mwisho la kutimiza yadi 10, haitaki kujaribu tena, inaupiga mpira kwa mguu mbali ili wapinzani waanzie nyuma kabisa, hiyo ndo punti. Wapinzani wakiuzuia pale pale unapotoka mguuni, imeblokiwa. Mtoa snapu anaurusha mpira katikati ya miguu yake (huo mrusho ndo snapu) kwenda kwa mpigaji aliyesimama nyuma yadi 14 au 15, mpigaji anaudaka, anapiga hatua mbili, anaupiga. Hao wote, pamoja na wa kupiga milingotini na wa kurudisha mikwaju, ndo wanaitwa timu maalum. Haya tuendelee.

Anza na saa. Usiangalie mtu yeyote kwanza, hesabu muda tu. Kama video iko YouTube, ipozi halafu tumia kitufe cha nukta kusogea fremu moja mbele na cha koma kurudi nyuma (kwenye kompyuta, kwa simu ni taabu). Video nyingi ni fremu 30 kwa sekunde, zingine 60, angalia mwenyewe kwenye mipangilio. Sasa hesabu fremu tangu mkono wa mtoa snapu unapotikisika hadi mpira unagusa mikono ya mpigaji, hiyo inatakiwa iwe kama sekunde 0.8, yani fremu 24 kwenye video ya 30. Halafu toka mikononi hadi mguu unagusa mpira, inatakiwa iwe kama 1.2 au 1.3, fremu 36 hadi 39. Jumla ikiwa sekunde 2.0 au 2.1 hapo hauna shida na saa, kosa liko kwa walinzi. Ikifika 2.3 na kuendelea, hata ukuta wa walinzi uwe mzuri kiasi gani utapitwa, kwa sababu ukuta wenyewe umejengwa kwa hesabu ya sekunde mbili. Hapo ndo unatenganisha: muda umepotelea kwenye snapu au mikononi mwa mpigaji? Snapu ya chini inamfanya ainame, ya pembeni inamvuta, na akishavutwa pembeni hata yadi moja tu, njia ya yule anayekuja kutoka upande huo imefupishwa bure. Kwa hiyo usiangalie kasi ya snapu peke yake, angalia mpigaji kaidakia wapi. Usawa wa nyonga ya mguu anaopigia ndo pazuri, magotini ni tatizo tayari, ingawa kwenye takwimu itaandikwa tu punti imeblokiwa na jina la mpigaji.

Tahadhari moja, kuna wapigaji wa staili ya ragbi, wengi wao Waaustralia ambao wamejaa sana kwenye vyuo siku hizi, hawa wanakimbia pembeni kwanza ndo wanapiga. Saa yao ni tofauti, wanaruhusiwa kuchelewa maana wanamkimbia mvamizi, so usiwapime na hizo fremu. Kwao unaangalia kama amekimbilia upande ambao ukuta umehamia au amekimbilia upande wenye watu. Na akishatoka na mpira nje ya boksi, yani lile eneo la nyuma ya walinzi wake wa mstari wa mbele, anapoteza ile kinga maalum ya mpigaji, kugongwa kwake kunakuwa kama kugongwa mchezaji mwingine yeyote aliyeshika mpira.

Baada ya saa, hesabu vichwa. Rudisha video hadi sekunde moja kabla ya snapu, ipozi. Wangapi wako mbele tayari kuvamia, na wangapi wanalinda? Hapa lazima uelewe kwanza kwa nini punti za vyuo hazifanani na za ligi ya kulipwa. Kule NFL ni wale wawili tu wa pembeni kabisa wanaoruhusiwa kuondoka kabla mpira haujapigwa. Vyuoni wote wanaruhusiwa kukimbia mbele mara tu snapu inapotoka. Ndo maana vyuo vingi vinatumia mfumo wa ngao: mbele wanasimama wametawanyika, wanamgusa mtu kidogo halafu wanatimka kwenda kumsubiri mpokeaji, na nyuma yao yadi kama 7 wanasimama majitu matatu bega kwa bega, hao ndo ngao, kazi yao kukata chochote kilichopenya. Mfumo mzuri sana kwa kumbana mpokeaji, ila una udhaifu mmoja ambao makocha wote wanaujua, ukileta watu wengi kupitia katikati hao watatu wanazidiwa idadi.

Kwa hiyo angalia ngao imefanya nini. Makosa yao ni yale yale kila wiki. La kwanza, jamaa wa pembeni ya ngao anamuona mvamizi anatokea nje anamfuata, anafungua mlango wa katikati, na wa katikati ndo mwenye njia fupi kuliko wote. Kanuni ya kila kocha ni ndani kwanza, wa nje mwache, ana safari ndefu. La pili, ngao inarudishwa nyuma hadi inaingia kwenye mguu wa mpigaji, mpira unampiga mwenzao. Mnaikumbuka ya Miami Dolphins na Buffalo Bills Septemba 2022, mpira umepigwa ukaenda kugonga makalio ya mlinzi wao wenyewe ukatoka nje ya endizoni (lile eneo la mwisho wa uwanja la kufungia), pointi 2 kwa wapinzani? Hiyo ni ligi ya kulipwa sio chuo, na Dolphins walishinda 21 kwa 19 hivyo hivyo, lakini sababu ni ile ile: walikuwa wanapigia kwenye endizoni yao, mpigaji hana zile yadi 15 za kurudi nyuma, kila kitu kimebanwa. Kwa hiyo andika pia timu ilikuwa wapi uwanjani, punti ya kutoka yadi ya 3 yako na ya kutoka yadi ya 40 ni vitu viwili tofauti kabisa.

Na huko mbele angalia miguu sio mikono. Mlinzi anayegeuza mabega kabla ya wakati wake, ashaliwa huyo. Anayeruka nje mapema kumfuata mtu, kaacha mwanya wa ndani. Ila kabla haujamhukumu cheki kama jirani yake alimwelewa, maana mara nyingi wawili wamemkaba mtu mmoja na wa pili kapita hana mtu, hilo sio kosa la nguvu ni kosa la kuhesabu, mmoja alikuwa anahesabu kutoka ndani na mwingine kutoka nje. Ukiona mvamizi kafika bila kuguswa kabisa, karibu siku zote ni hesabu. Ukiona kafika baada ya kusukumana, ndo unaweza kusema fulani kazidiwa.

Upande wa pili nao wape haki yao. Kubloki sio bahati. Mvamizi mzuri halengi mwili wa mpigaji, analenga pale mpira utakapotoka mguuni, na mpigaji huwa kashasogea mbele yadi tatu nne tangu alipodaka, kwa hiyo anakata mbele yake, mikono pamoja, macho wazi. Anayemrukia mpigaji moja kwa moja anaishia na faulo: kumgusa tu ni yadi 5, kumuumiza ni yadi 15 na dauni ya kwanza ya bure, yani umewarudishia mpira waliokuwa wanaukimbia. Virginia Tech chini ya Frank Beamer, aliyefundisha pale toka 1987 hadi 2015, walijenga jina zima kwa mambo haya, na Beamer alikuwa akiwaweka wachezaji wake wazuri kabisa kwenye timu maalum wakati wengine wanaweka waliobaki.

Sasa benchi. Hii ndo watu wanairuka na ndo tamu kuliko zote, nachukua mfano wa Michigan na Michigan State, Oktoba 17, 2015, pale Ann Arbor. Michigan wanaongoza 23 kwa 21, zimebaki sekunde 10, dauni ya nne na yadi 2, wako nusu ya wapinzani. Wanaamua kupiga punti. Snapu inakuja chini, mpigaji Blake O'Neill, Muaustralia, inamponyoka, anajaribu kuiokota aipige hivyo hivyo, anavamiwa, mpira unaruka juu unamfikia Jalen Watts-Jackson, anakimbia nao yadi 38 hadi endizoni, tachidauni ya pointi 6, saa sifuri. 27 kwa 23. Kitaalam hiyo hata sio bloku, ni snapu iliyoponyoka, ila ukiitumia hesabu yangu utaona mambo matatu. Snapu haikuwa nzuri. Mpigaji angeulalia tu mpira, Michigan State wangeupata huko huko na wangebaki na sekunde chache za kujaribu kitu cha mbali, badala yake akataka kuokoa yadi. Ila ipozi kabla ya snapu: Michigan State hawajaweka mtu hata mmoja nyuma wa kupokea! Wamekuja kuvamia, wamejaa mbele. Na Michigan bado wana wawili pembeni kabisa wa kwenda kumkaba mpokeaji ambaye hayupo. Watu wawili wazima wamepelekwa kukaba hewa wakati ndani wanazidiwa, na hilo lilitakiwa lionekane benchi ama uwanjani, mtu apige kelele, waitwe ndani au iombwe taimuauti, mchezo usimame kwanza. O'Neill akatukanwa mitandaoni vibaya mno, wakati siku hiyo hiyo alikuwa kapiga punti ya yadi 80. Mimi kwenye hiyo play mtu wa kwanza kwenye lawama simuweki yeye.

Halafu usifunge video baada ya bloku, kuna makosa mengi huko mbele na mengi ni ya kutojua sheria. Mpira ulioblokiwa ukabaki nyuma ya mstari wa kuanzia, ule ambao snapu ilitolewa, timu yoyote inaweza kuuokota na kukimbia nao, ila waliopiga wasipofikisha yadi walizokuwa wanadaiwa wanaupoteza. Ukivuka mstari ukaenda mbele inakuwa kama punti ya kawaida, hapo mvamizi aliyefurahi akiugusa mbele huko na kuuponyosha, waliopiga wanaweza kuuokota na umekuwa wao tena. Kwa hiyo kila ukiona mtu anakimbilia mpira ulioblokiwa uliovuka mstari, jiulize alikuwa na sababu gani. Mara nyingi hakuna.

Makosa ya wapokeaji haya yako wazi zaidi. Rose Bowl ya Januari 1, 2024, Michigan na Alabama, Michigan walidondosha punti mapema Alabama wakaiokota na kufunga, Michigan hao hao wakaharibu mkwaju wa pointi ya ziada, ule unaopigwa baada ya tachidauni, halafu mwishoni kabisa mpokeaji wao akaidondosha punti nyingine karibu na mstari wake wa goli, akaiokota mwenyewe kwenye yadi ya 1. Michigan wakashinda 27 kwa 20 kwenye muda wa ziada, kwa hiyo kesho yake hakuna aliyeongelea. Ndo ubaya wa kuangalia matokeo, timu ikishinda makosa yanafagiliwa chini ya mkeka. Na ile ya Auburn ya Novemba 30, 2013, Chris Davis wa Auburn kudaka kwenye endizoni mkwaju wa Alabama wa milingotini wa yadi 57 ambao haukufika na kukimbia nao uwanja mzima, 34 kwa 28, watu wanaikumbuka kwa mbio zake, mimi naangalia Alabama waliokuwa uwanjani, wengi majitu ya kulinda, wazito, wa kukimbizana na mtu mwepesi hawapo.

Hatua ya mwisho watu hawaifanyi: tafuta punti inayofuata ya timu hiyo hiyo kwenye mechi hiyo hiyo. Wamebadilisha kitu? Wamerudisha wa pembeni ndani, wameongeza mtu kwenye ngao, mpigaji kaharakisha? Kama hakuna kilichobadilika basi kosa la pili ni la kocha hata kama la kwanza lilikuwa la mchezaji. Mfano ni Desemba 2, 1972, mjini Birmingham, timu ya Alabama hawajafungwa msimu mzima, wanaongoza Auburn 16 kwa 0. Auburn wanapiga mkwaju wa pointi 3. Robo ya nne Bill Newton anabloki punti, David Langner anaokota anafunga. Dakika chache tu baadaye punti nyingine, Newton huyo huyo anabloki tena, Langner huyo huyo anaokota tena, na pointi ya ziada inafanya 17 kwa 16. Ukitaka kujua ile pointi moja Alabama waliyoikosa, cheki kule mwanzo, Alabama nao pointi yao ya ziada ilikuwa imeblokiwa.