Ramani na drafti za kusomwa kwa vidole

Kosa linalorudiwa mno katika kuandaa zana za kufundishia wanafunzi wasioona ni kuchukua picha ya kitabuni kama ilivyo na kuibandikia uzi juu ya kila mstari. Jicho huiona ramani nzima kwa mara moja, ilhali vidole hukusanya habari kipande kwa kipande, kwa hiyo lolote lisilohusu somo la siku hiyo liondolewe mapema.

Tuchukue ramani ya Tanzania kwa somo la maziwa makuu. Andaa boksi gumu lenye upana wa sentimita 50 hivi, ukikata pembe ya juu kulia ili mwanafunzi atambue mara moja kaskazini iko wapi. Chora mpaka kwa penseli huku ukinyoosha vighuba vidogo vya pwani, kisha paka gundi ya mbao juu ya mstari na ulaze uzi wa katani. Maziwa Viktoria, Tanganyika na Nyasa yakatwe kwenye plastiki laini, hata mfuniko wa ndoo kuukuu unafaa, na nchi kavu ibaki boksi tupu. Kwa kuwa mpaka wa nchi hupita ndani ya Ziwa Viktoria na Ziwa Tanganyika, uzi ukomee ukingoni mwa plastiki. Ukiukatiza juu yake, vidole vitasoma ziwa moja kama mawili. Eyasi, Manyara, reli na Mlima Kilimanjaro visubiri ramani nyingine.

Majina kamili hujaza nafasi, hivyo weka herufi V, T na N kwa nukta nundu (maandishi ya vidole, ambayo kila herufi hupangwa ndani ya nafasi sita za vitone vilivyoinuka), mbali kidogo na uzi, na maelezo yake yaandikwe kwenye karatasi ya pembeni. Wenye uoni hafifu husaidiwa na rangi zinazopingana, kama uzi mweusi juu ya boksi la njano. Epuka msasa mkali, ambao huchosha ncha za vidole, na pia maharage na mchele, labda kama unataka kuwalisha panya wa stoo.

Kwa wanaoanza kujifunza nukta nundu, trei ya mayai 30 hutoa vipande vitano vyenye vishimo sita kila kimoja, yaani safu mbili za vitatu, na mawe madogo yakawa ndiyo nukta.

Drafti huhitaji ufundi zaidi, kwa sababu mchezaji hupapasa ubao wote na kete zisizoshikwa na kitu zitahama. Chora miraba 64 ya sentimita 4.5 juu ya boksi, kisha toboa ile 32 ya kuchezea na ubandike boksi la pili chini yake. Mashimo yawe ya duara yenye kipenyo cha sentimita 3.5, si ya mraba, kwani miraba hiyo hugusana kwenye pembe na boksi litaachana. Kete ni vizibo 24 vya soda: 12 vikalie meno yake, 12 vigeuzwe meno yawe juu, baada ya kusuguliwa yasikwaruze. Kingi huongezewa kizibo cha pili.

Wachezaji wakubaliane kwamba kugusa kete si kuicheza. Hesabu ianze pale inapoinuliwa kutoka shimoni.