Mzazi anaishi peke yake Dodoma, wewe uko ng'ambo: anza na siku yake

Wengi wetu tulio nje tunapima matunzo ya wazazi kwa kiasi tunachotuma. Ujumbe wa muamala ukishaingia, moyo unatulia. Lakini mama wa miaka 76 anayekaa peke yake Nkuhungu au Chang'ombe ana mambo ya kila siku ambayo pesa peke yake haiyafikii: maji, moto wa jikoni, dawa ya asubuhi, safari ya chooni usiku. Ukiijua siku yake vizuri, utajua pesa yako iende wapi.

Kwa hiyo mpigie siku ambayo huna haraka, umwombe akusimulie jana yake tangu alfajiri. Ukimuuliza "mama, unahitaji nini?" atakujibu "sisi wazima, mwanangu, jitunze tu." Muulize maji alichota nani, mchana alikula nini, vidonge vya presha vimebaki vingapi, usiku anakwenda chooni kwa taa gani. Msikilize bila kumkatiza.

Kwa Dodoma, mimi ningeanza na maji. Mkoa ni mkame, mvua ni za msimu mmoja, takribani Desemba hadi Aprili, na mji umepanuka kwa kasi tangu Serikali ilipoanza kuhamia huko mwaka 2016. Maji ya bomba huja kwa mgao. Yakitoka usiku wa manane, ni nani anayeamka kujaza madumu? Mara nyingi ni mzee mwenyewe, gizani, na hapo ndipo nyonga huvunjika. Simtank, yaani tangi la plastiki, ya lita 1,000 yenye kujijaza yenyewe, na bomba linalofika jikoni na chooni, ni msaada mkubwa kuliko zawadi nyingi tunazobeba kwenye mabegi. Kama yuko kijijini Bahi au Chamwino, lipa mtu wa maji kwa siku zinazojulikana, asisubiri kuitwa.

Choo kifuate. Choo cha kuchuchumaa kilicho nje ni adui wa magoti yaliyochoka. Fundi wa kuchomelea wa mtaani anaweza kuunda kiti cha bomba cha kuweka juu ya tundu, pamoja na vyuma vya kushikia ukutani. Ongeza taa ya sola njiani na sakafu isiyoteleza. Haya yafanyike kabla mzee hajaanguka.

Sasa msaidizi. Utaratibu uliouona Canada au Uingereza, wa muuguzi kupita nyumbani na chakula kuletwa mlangoni, kwetu bado ni adimu. Kinachofanya kazi ni dada wa kazi au ndugu anayelipwa. Naomba sana: usimchukue mtoto wa shule kutoka kijijini ukasema "atamsaidia bibi". Kumwinua mzee aliyeanguka, kumwogesha na kugundua kwamba leo maneno yake hayaeleweki ni kazi ya mtu mzima. Mwandikieni mkataba, mshahara usishuke chini ya kima cha chini ambacho Serikali imekitangaza kwa wafanyakazi wa nyumbani, na awe na siku ya mapumziko, huku ikijulikana ni nani atakayeshika zamu siku hiyo. Kama mzee ni wa Kigogo au Kirangi zaidi kuliko Kiswahili, tafuteni anayeijua lugha hiyo, na anayeweza kusonga ugali wa uwele na kupika mlenda anavyoupenda. Na mwenye nyumba ni mzee. Yeye ndiye amhoji msaidizi, na akisema hamtaki, msilazimishe.

Kwa upande wa matibabu, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mtu wa miaka 60 na kuendelea kuwa mzee, na wazee wasio na uwezo wanastahili kutibiwa bila malipo katika vituo vya umma. Mlango wa kuanzia ni ofisi ya mtaa au kijiji, kisha mtendaji na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, ili apate kitambulisho cha mzee. Hata akiwa nacho, tengeni fungu la dawa, kwa sababu dawa ikikosekana dirishani itabidi inunuliwe duka la nje. Kama mna kaka au dada aliyeajiriwa nchini na anachangia Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF), aulize kuhusu kumwandikisha mzazi kama mtegemezi wake. Rufaa za kibingwa huenda Hospitali ya Benjamin Mkapa, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma. Usisahau macho. Trakoma, yaani vikope, imewatesa watu wa Kongwa kwa miaka mingi, na mtoto wa jicho hana wilaya. Mzee aliyeacha kutoka nje huenda haoni njia tu, na watu wakadhani amechoka na dunia.

Ulizeni pia kwenye zahanati ni nani mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa mtaa wenu. Huyo hupita nyumba kwa nyumba na anaweza kumfikia mzee kabla hali haijawa ya dharura.

Pesa nisizungumze sana. Mshahara wa msaidizi utumwe kwake moja kwa moja, duka la dawa lilipwe kwa lipa namba, na mzee abaki na pesa yake ya mkononi ambayo hamuulizi ameifanyia nini. Pensheni ya wazee wote ilianza Zanzibar mwaka 2016 kwa waliofikisha miaka 70. Bara haipo, kwa hiyo asiye na pensheni ya ajira anawategemea ninyi, labda na ruzuku ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) kama kaya yake imeandikishwa. Laini ya simu iwe kwa jina lake, na namba ya siri aijue yeye na mtu mmoja tu.

Jirani mmoja awe na ufunguo wa akiba na namba yako ya WhatsApp. Balozi wa nyumba kumi, mwenyekiti wa mtaa na viongozi wa kanisa au msikiti anakosali wajue kwamba mzee yuko peke yake. Ukija likizo, pita kwao uwaamkie kabla hujaenda kwingine.

Ipo siku kuishi peke yake hakutawezekana tena. Utaona sufuria zimeungua mara kwa mara, dawa zimemezwa mara mbili, au ameanguka kwa mara ya pili katika muda mfupi. Makazi ya wazee ya Serikali, kama yale ya Sukamahela wilayani Manyoni, yamewekwa kwa ajili ya wasio na wa kuwatunza, hivyo jambo hili linarudi kwa familia: nani atahamia kwake, au yeye atahamia kwa nani. Itisheni kikao hicho mapema, wakati bado anaweza kutoa maamuzi yake, na aliye ng'ambo asikiendeshe kwa sababu tu ndiye anayelipa.