Mota ya mashine ya posho inakatakata? Waulize wenzako hivi kabla hujaifungua

Mafundi wenzangu wa Bweyale na Masindi hapa Uganda, msimu wa mahindi ukifika simu ni zile zile, mashine inasaga kidogo ovalodi (kile kifaa kinachozima mota ikivuta umeme kupita kiasi) inakata, na wa kwanza kuulizwa anasema mota imeungua ikasukwe upya nyaya zake za ndani. Kusuka ni hela nyingi na mara nyingi mota ni nzima kabisa! Uliza kwanza, ila uliza vizuri.

Hatua ya 1. Anza na anayesaga. Sio mwenye mashine, yule kijana aliyejaa unga hadi kwenye nyusi, maana ndo anashinda nayo. Ukimuuliza "mota ina shida?" atasema ndiyo tu. Muulize inakata ikianza au katikati ya kazi, saa ngapi, mahindi yalikuwa makavu au mabichi (mabichi yanaibebesha mota mzigo na kuziba chekeche), na jirani anachomelea vyuma saa hizo (kuchomelea kunashusha umeme)?

Hatua ya 2. Pima. Volti fezi kwa fezi (fezi ni zile nyaya tatu zinazoleta umeme, unapima mbili mbili unapata namba tatu) na ampia za kila waya, mara mbili, mashine ikiwa tupu halafu ikiwa inasaga. Kipimo cha ikiwa tupu peke yake hakikwambii kitu.

Hatua ya 3. Sasa mtumie mwenzako swali, na hapa ndo wengi wanaharibu. "Kaka mashine imegoma nisaidie" hata mimi siwezi kulijibu. Andika hivi: "Kaka, mota ya volti 415, tupu nasoma 412, 411, 412. Ikisaga 410, 388, 387. Beringi na mkanda viko sawa. Wewe ungepima wapi?" Ukiuliza "ni mota?" umeshamfunga kwenye wazo lako, ukiuliza angepima wapi anafikiri na wewe. Aliyezoea ataona hapo hapo: namba mbili zimeshuka moja imebaki, basi fezi iliyomo kwenye zote mbili ndo mgonjwa, ifuate kutoka kwenye mita ya umeme. Na usidharau hiyo tofauti, volti zikipishana asilimia 3.5 tu joto la mota linapanda kwa kama asilimia 25.

Hatua ya 4. Lijaribu jibu, kitu kimoja kwa wakati. Mashine ikisaga, weka ncha moja ya mita ya kupimia upande wa juu wa swichi kubwa na nyingine upande wa chini, fezi ile ile, vaa glavu na usiguse chuma. Inatakiwa usome karibu na sifuri. Ukipata volti ishirini na kitu umeme unapotelea hapo, nati imelegea au kontakti (vyuma vinavyogusana ndani ya swichi) zimeungua. Zima kabisa, hakikisha kwa mita ya kupimia kwamba umeme umekatika, ndo ukaze au ubadilishe. Ukikuta sifuri nenda kwenye stata (swichi ya kuwashia mota) ufanye vile vile. Kama volti inashuka kuanzia kwenye mita ya umeme yenyewe, muulize mwenye mashine nyingine kwenye laini hiyo hiyo naye anasoma ngapi, kisha wapigie watu wa umeme ukiwa na namba zote mbili.

Hatua ya 5. Mrudishie mwenzako majibu, na uandike ndani ya kifuniko cha stata kwa maka: tarehe, volti, ulichokaza.