Somo: Risasi Hamsini Zenye Kazi

Jumamosi iliyopita uwanjani nilisimama nyuma ya mstari wa kufyatulia nikamtazama mwanachama mwenzetu akimaliza maboksi mawili ya risasi za milimita 9 kwa dakika ishirini hivi. Karatasi yake ya shabaha ilikuwa mita 5 tu. Alipoibandua, matundu yalikuwa yametapakaa kama mtama uliomwagika, mengi yakiwa upande wa chini kushoto. Akaikunja, akaitia kwenye pipa, akapanga vyombo vyake akaenda zake akiwa amefurahi. Sikumlaumu. Nilifanya vivyo hivyo miaka miwili mizima. Lakini karatasi ile ilikuwa imemwandikia barua, naye ameitupa bila kuifungua.

Kufyatua kwa starehe si kosa. Umefanya kazi wiki nzima, unataka kusikia mlio na kunusa baruti, karibu. Kosa ni kuiita starehe hiyo mazoezi, kisha ukaamini kwamba umenolewa. Hapa Kenya mtu mwenye cheti cha silaha hubeba bastola sokoni, kwenye maegesho, mahali penye watoto wa watu. Risasi inayoikosa shabaha haipotei hewani, inamfikia mtu au kitu. Ndiyo maana somo hili nalitilia mkazo.

Kilichonifumbua macho ni shindano langu la kwanza la IDPA, chama cha kimataifa cha mashindano ya bastola za kujilinda. Hesabu yao haina huruma: ukipiga duara la kati hupotezi kitu, eneo linalofuata unapoteza alama 1, la nje 3, na ukikosa kabisa 5. Kila alama iliyopotea inaongezwa kwenye muda wako kama sekunde 1. Nilikuwa mwepesi kuliko wengi siku ile, na nikamaliza karibu na mkia. Mikono yangu ilikuwa imejifunza haraka bila kujifunza usahihi, kwa sababu kwa miaka miwili hakuna aliyekuwa ananihesabia, hata mimi mwenyewe.

Mwaka 1993 mwanasaikolojia Anders Ericsson na wenzake walichapisha utafiti juu ya wapiga fidla wa chuo cha muziki mjini Berlin. Wote walikuwa wamepiga fidla tangu utotoni. Waliotofautiana na wenzao ni wale waliokuwa wamekusanya saa nyingi zaidi za mazoezi ya peke yao, yale ya kurudia sehemu ngumu mpaka ilainike. Kupiga nyimbo unazozijua tayari hakuhesabiki. Kwenye bastola ni hivyo hivyo.

Sasa tuingie kazini. Nachukulia kwamba una cheti halali, umeshafundishwa usalama, na kanuni nne unazijua bila kukumbushwa: kila bastola ina risasi mpaka uhakikishe mwenyewe, mdomo wake usielekee usichotaka kukiharibu, kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka umeamua kupiga, na ujue kilicho nyuma ya shabaha. Kama hata moja inakutatiza, acha kusoma hapa umtafute mkufunzi kwanza.

Hatua ya 1: Anza nyumbani, bila risasi

Hii ndiyo hatua kubwa, na ndiyo inayorukwa zaidi. Toa magazini, lile kasha la risasi. Vuta slaidi, ile sehemu ya juu inayoteleza, angalia chemba ambamo risasi hukaa kwa macho, kisha iguse kwa kidole. Risasi zote zipeleke chumba kingine na ufunge mlango. Elekeza bastola kwenye ukuta unaoweza kuzuia risasi, si kwenye mbao nyembamba ambayo nyuma yake kuna kitanda cha mtoto. Bastola nyingi za kisasa za milimita 9 hazidhuriki kwa kufyatuliwa tupu, ila soma kijitabu chake. Zile za risasi ndogo za .22 nyingi zinahitaji risasi bandia, la sivyo pini inayopiga risasi inagonga chuma.

Bandika kipande cha karatasi ukubwa wa sarafu ukutani. Linganisha vilengeo, yaani alama za kulengea za mbele na nyuma, kisha vuta kifyatulio taratibu huku macho yakiwa kwenye kilengeo cha mbele. Unachokitafuta ni kimoja: je, kilengeo kiliruka wakati wa kile kishindo kidogo cha pini? Ukitaka hakimu mkali, mwombe mtu akuwekee sarafu juu ya slaidi karibu na kilengeo cha mbele, akiwa amesimama pembeni, asipite mbele ya mdomo kamwe. Sarafu ikianguka, kidole chako kimesukuma bastola badala ya kuvuta kifyatulio.

Dakika kumi, mara tatu au nne kwa wiki. Ukichoka, acha, maana baada ya hapo unafundisha mkono makosa. Ukimaliza sema kwa sauti, "Nimemaliza." Usirudie "mara moja ya mwisho" baada ya kurudisha risasi kwenye bastola. Hapo ndipo kuta na televisheni zimetobolewa.

Hatua ya 2: Risasi tano za kwanza ni ushahidi

Ukifika uwanjani usijipashe moto. Weka karatasi safi mita 10, piga risasi 5 bila haraka, kisha ibandue uandike tarehe. Risasi ya ishirini inakubembeleza kwa sababu mkono umeshazoea. Zile tano za kwanza zinaonyesha wewe ni nani siku ambayo hukujiandaa.

Pima kundi la matundu kwa rula, toka katikati ya tundu moja hadi katikati ya lile la mbali zaidi. Usiandike "nzuri" au "mbaya". Andika sentimita.

Hatua ya 3: Chagua ugonjwa mmoja

Angalia kundi limekaa wapi. Kwa mtu wa mkono wa kulia, matundu yakikusanyika chini kushoto mara nyingi ni kushtuka: mwili unangoja teke la bastola na kulisukuma kabla halijafika. Matundu yakipanda na kushuka kwa mstari wima, tazama kama mshiko unalegea kati ya risasi, au kama unachungulia juu ya vilengeo kutazama ulikopiga. Kuna michoro ya duara inayokata shabaha vipande na kukupa jina la kosa kwa kila kipande. Itumie kwa tahadhari, kwani ilitokana na ulengaji wa mkono mmoja, na mikono miwili ina tabia zake.

Yapo makosa mengi, lakini leo chukua moja. Mtu anayetibu mshiko, kidole, pumzi na miguu kwa pamoja hatajua kipi kilimponya.

Neno juu ya vilengeo, kwa sababu hapa wengi wanapoteza imani. Kwenye bastola ya kawaida, kutoka kilengeo cha nyuma hadi cha mbele ni kama milimita 160. Ukikosea kuvilinganisha kwa milimita 1 tu, kwenye mita 10 risasi inahama zaidi ya sentimita 6, na kwenye mita 25 zaidi ya 15. Kosa dogo jichoni ni kubwa karatasini. Basi kabla hujamlaumu fundi au bastola, jiulize kilengeo cha mbele kilikuwa wapi kifyatulio kilipoachia.

Hatua ya 4: Risasi ishirini kwa ugonjwa huo

Zigawe mafungu manne ya risasi 5. Baada ya kila fungu weka bastola chini, pumua, tazama karatasi, andika. Kama ugonjwa ni kushtuka, mwombe mwenzako akujazie magazini akichanganya risasi bandia mbili bila kukuambia zimekaa wapi. Ukiifikia ya bandia, bastola haitalia, na utauona mkono wako ukipiga mbizi peke yake. Inauma kuiona. Lakini sijaona dawa nyingine inayofanya kazi haraka hivi, kwa kuwa hakuna pa kujificha.

Hatua ya 5: Kipimo, mara moja kwa mwezi

Kati ya risasi hamsini za ziara moja zimebaki 25. IDPA wana kipimo kifupi kiitwacho 5x5, na kinatumia risasi hizo hizo 25 kwenye umbali wa yadi 10, yaani mita 9 na kidogo. Mzunguko wa kwanza: chomoa, piga 5 kwa mikono miwili. Wa pili: chomoa, piga 5 kwa mkono wenye nguvu peke yake. Wa tatu: piga 5 slaidi ibaki nyuma, badilisha magazini, piga 5 nyingine. Wa nne: 4 kifuani na 1 kichwani. Duara la kifuani lina kipenyo cha inchi 8, kama sentimita 20. Jumlisha sekunde za mizunguko yote, ongeza alama ulizopoteza, upate namba moja. Namba hiyo ndiyo yako.

Kuchomoa kutoka kwenye ala kunahitaji ruhusa ya msimamizi wa uwanja na mafunzo. Kama huna, anza bastola ikiwa mikononi, imeelekezwa chini mbele yako, ila uwe unaanza hivyo kila mwezi ili namba zilingane.

Ziara nyingine za mwezi, zile 25 zirudi nyumbani kwenye boksi lake. Najua inavyowasha kidole. Zirudishe.

Hatua ya 6: Daftari

Tarehe, risasi tano za kwanza kwa sentimita, ugonjwa wa leo, kilichobadilika. Mistari minne. Andika kabla hujaingia kwenye gari.

Nikiona mtu anakata tamaa huwa namkumbusha Károly Takács wa Hungaria. Mwaka 1938, akiwa mwanajeshi, guruneti liliharibu mkono wake wa kulia, ule aliopigia bastola. Akajifunza upya kwa mkono wa kushoto, bila kuwatangazia watu. Mwaka uliofuata akawa bingwa wa bastola wa nchi yake, na mwaka 1948 mjini London akachukua dhahabu ya Olimpiki ya bastola ya haraka mita 25. Akairudia Helsinki mwaka 1952. Mtu wa namna hiyo hakufika huko kwa kumwaga maboksi. Ilimbidi aanze na mkono usiojua kitu, na kuufundisha jambo moja baada ya jingine.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Nakuru: Mwalimu, risasi zimepanda bei. Mimi nina uwezo wa 20 kwa mwezi. Si bora nisije kabisa?*

Njoo, ndugu yangu. Tano za kwanza, kumi za ugonjwa zikichanganywa na za bandia, tano za kufunga. Mzigo mkubwa uubebe nyumbani kwenye hatua ya 1, ambako hulipi hata shilingi. Mwenye 20 na daftari namwogopa zaidi shindanoni kuliko mwenye 200 bila daftari.

*Dada wa Mombasa: Mikono yangu inatetemeka, kilengeo hakitulii hata sekunde moja. Nangoja kitulie, halafu nikikiona kimekaa sawa navuta haraka. Nakosa.*

Dada, hakuna mkono unaotulia kabisa, hata wa bingwa. Kinachokukosesha ni kule kuvizia, kwa sababu unapodaka ile nafasi unaitingisha bastola nzima. Kubali kilengeo kitembee ndani ya eneo dogo, na uvute kifyatulio kwa mwendo uleule mpaka kilie. Utashangaa kundi lilivyo dogo kuliko ulivyoona kikicheza. Jaribu mafungu mawili ya risasi tano kisha uniletee karatasi zote mbili.

*Kijana wa Thika: Yule Mturuki wa Paris 2024 alipiga mkono mmoja mfukoni, hana miwani ya ajabu. Kwa nini sisi tunahangaika na mambo mengi?*

Yusuf Dikeç alipata medali ya fedha ya timu mchanganyiko, mwanamume na mwanamke, pamoja na Şevval İlayda Tarhan kwenye bastola ya upepo mita 10. Kanuni za mchezo ule zinadai mkono mmoja, na ule mwingine huwekwa mfukoni au kiunoni ili mwili utulie. Bastola ya upepo karibu haina teke. Yako ya milimita 9 inalo, kwa hiyo ishike kwa mikono miwili. Halafu ujue ile ilikuwa Olimpiki yake ya tano, ya kwanza ikiwa Beijing 2008, na hiyo ya Paris ndiyo iliyompa medali yake ya kwanza ya Olimpiki. Wepesi uliouona ulikuwa na miaka mingi nyuma yake.

*Mwanachama aliyeko Texas: Mwalimu, renji ya ndani ninayokwenda hairuhusu kuchomoa wala kupiga haraka. Nimebaki na nini?*

Umebaki na kitu kigumu kuliko vyote, kaka, nacho ni usahihi. Peleka karatasi mita 15, kisha 20, risasi moja moja. Piga kwa mkono mmoja, wa kulia na wa kushoto. Kuchomoa kufanyie nyumbani, bastola tupu, kwa utaratibu wa hatua ya 1. Sheria zao usizivunje hata msimamizi akiwa amegeuka.

*Mzee wa Malindi: Nimefika miaka 58. Kilengeo cha mbele nakiona kama kipo kwenye ukungu. Nistaafu?*

Shikamoo mzee. Hapana, usistaafu. Jicho likizeeka hupoteza uwezo wa kuona karibu, nacho kilengeo kiko umbali wa mkono tu. Mtu akupimie kutoka jichoni hadi kwenye kilengeo ukiwa umenyoosha mikono, upeleke kipimo hicho kwa daktari wa macho akutengenezee miwani ya umbali huo. Njia ya pili ni kilengeo cha nukta nyekundu, kwa sababu hapo macho yanabaki kwenye shabaha na nukta inakuja yenyewe. Fundi aifunge vizuri, na uhakikishe cheti chako hakina tatizo na badiliko hilo. Wiki za kwanza nukta itakupotea kila unapoinua bastola. Inue ikiwa tupu, mara hamsini kila jioni, ukikitazama kipande kile cha karatasi ukutani, mpaka ianze kukungoja pale.