Kufunga amplifaya bila kung'oa redio iliyokuja na gari

Redio ya kiwandani mara nyingi haina matundu ya RCA nyuma (yale ya kupeleka sauti ndogo kwenye amplifaya), kwa hiyo wengi hukimbilia kununua redio nyingine. Si lazima. Sauti unayoitaka tayari inapita kwenye nyaya za spika; unachohitaji ni amplifaya yenye ingizo la nyaya za spika, au konvata ya kuishusha sauti hiyo hadi kiwango cha RCA. Ukiwa na uwezo wa kuchagua, chukua amplifaya yenye ingizo lake. Viungio vikipungua, na mahali pa kuharibika panapungua.

Hatua ya 1: Fungua hasi ya betri. Usiruke hatua hii hata kama una haraka.

Hatua ya 2: Tafuta nyaya za spika. Usiamini rangi; tumia mchoro wa gari lako, kisha hakikisha. Chomoa soketi ya redio, gusisha betri ndogo ya volti 1.5 kwenye jozi ya nyaya kwa sekunde moja na uangalie spika. Ikisukumwa nje, chanya imekutana na chanya. Ikivutwa ndani, umegeuza. Kama gari lina amplifaya yake ya kiwandani katikati, jaribio hili halitafika kwenye spika. Pima baada ya amplifaya hiyo. Na jihadhari: hasi ya spika kwa kawaida si hasi ya bodi. Ukiigusisha kwenye bodi unaweza kuua redio.

Hatua ya 3: Waya wa umeme. Utoe moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi ikae karibu nayo, isizidi sentimita 45. Fyuzi hiyo inalinda waya usiwake moto ukichunika mahali, kwa hiyo ukubwa wake usizidi uwezo wa waya. Nunua waya wa shaba halisi. Waya wa alumini uliopakwa shaba unapitisha umeme kidogo kuliko unene wake unavyodanganya. Unapopita kwenye tundu la bati uvishe mpira. Nyaya za sauti zipitishe upande wa pili wa gari.

Hatua ya 4: Hasi, yaani waya wa amplifaya unaofungwa kwenye bodi ya gari. Matatizo mengi ninayoletewa yanaanzia hapa. Kwangua rangi mpaka bati ling'ae, kaza kwa bolti, na waya uwe mfupi na mnene sawa na ule wa chanya. Bolti za mkanda wa usalama usiziguse.

Hatua ya 5: Waya wa kuwasha. Amplifaya nyingi zenye ingizo la spika hujiwasha zikihisi redio imewaka. Kama yako haifanyi hivyo, chukua umeme kwenye fyuzi inayowaka kwa ufunguo tu. Ukichukua wa kudumu, asubuhi betri imekufa.

Hatua ya 6: Geini. Hiki ni kitufe cha kulinganisha amplifaya na nguvu ya sauti inayotoka kwenye redio, si cha kuongeza sauti, ingawa watu wanakizungusha hivyo. Rudisha hasi ya betri, chomoa spika kwenye amplifaya, shusha geini hadi mwisho, weka besi na trebo katikati na uzime vikorombwezo vyote. Cheza toni ya hezi 1000 (hezi 50 kwa sabufa), redio ikiwa robo tatu ya sauti. Multimita (kipima umeme) iwe kwenye volti za AC, ncha zake kwenye matokeo ya spika ya amplifaya. Zidisha wati za amplifaya kwa omu za spika, kisha tafuta kipeuo cha pili: wati 100 kwa omu 4 ni 400, yaani volti 20. Pandisha geini taratibu hadi namba hiyo, basi. Redio nyingine hupunguza besi zenyewe sauti ikipanda. Geini haiponyi hilo, bali konvata yenye kurudisha besi.

Sasa rudisha spika, washa injini na usikilize. Ukisikia mlio unaopanda na mzunguko wa injini, zima kila kitu, chomoa soketi ya ingizo kwenye amplifaya, kisha uwashe tena. Mlio ukibaki, rudi kwenye hasi. Ukipotea huku amplifaya ikiwa bado imewaka, fuatilia nyaya za sauti.