SOMO: Kuvua migebuka kilindini kwa mshipi wa mkono wakati wa kiangazi, Ziwa Tanganyika upande wa Kigoma

Wadau salama. Kila ziwa likifunguliwa baada ya miezi ya kuzuiwa uvuvi naona vijana wanakimbilia kununua nailoni na ndoano, wanatoka Kibirizi au Katonga wanaenda mbaliii kabisa wanashusha mshipi popote maji yalipo meusi, asubuhi wanarudi na samaki wa mboga tu na mafuta yameisha. Tatizo sio umbali. Samaki huyu migebuka hana makazi, hakai kwenye mawe wala mchanga wa pembeni, yeye anaishi kilindini anazunguka na makundi ya dagaa maana ndio chakula chake kikubwa. Kwa hiyo somo lote hili lina jambo moja: tafuta dagaa kwanza, migebuka yuko chini yao. Ukiwa na taa na nailoni ya bei mbaya ila dagaa hawapo, lala tu nyumbani.

HATUA YA 1: KARATASI
Leseni ya mvuvi na ya chombo unapata halmashauri, na BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo) ya hapo kwenu lazima wakujue. Halafu ulizia tarehe. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa miezi mitatu kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazaliane, kwa hiyo kabla hujanunua hata ndoano moja nenda ofisi ya uvuvi uliza tangazo la mwaka huu linasemaje. Najua ile miezi ni migumu, watoto wanataka kula, lakini mimi naunga mkono kwa moyo wote maana samaki wamepungua na kila mzee wa mwaloni analijua hilo.

HATUA YA 2: MSIMU
Hapa naomba msome taratibu. Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa hivi unavuma upepo wa kusini mashariki, unasukuma maji ya juu yenye joto yanakuja huku kaskazini, na kule kusini upande wa Zambia maji ya baridi yenye rutuba yanapanda kutoka chini. Sasa upepo ukilegea, mwezi wa tisa kwenda wa kumi, yale matabaka yanaanza kuyumba, yanapanda na kushuka huko chini kwa chini wewe juu huoni kitu, rutuba inasambaa, vijimea vinastawi, dagaa wanapata kula, migebuka anafuata. Ndio maana nasema mwisho wa Agosti mpaka Oktoba, kabla mvua hazijakolea, ndio wakati wetu.

Na msitishwe na kina. Ni kweli penye kina kirefu zaidi ziwa linafika mita 1,470, lakini huko chini hakuna samaki. Ukipita kati ya mita 100 na 200 oksijeni inaisha kabisa, kwa hiyo samaki wote wa ziwa wako kwenye hilo tabaka la juu. Mshipi wa mita mia mbili mia tatu ni hela ya bure.

HATUA YA 3: MSHIPI
Nailoni ya milimita 0.6 au karibu na hapo, urefu pima 60 inatosha (pima moja ni mikono miwili iliyonyooshwa). Kila pima 5 funga uzi mwekundu, kila pima 10 funga nyuzi mbili. Hii watu wanaidharau lakini bila alama huwezi kujua samaki wamekula kina gani, na usiku ule mkono unakudanganya. Chini weka chubwi, ule uzito wa kuzamisha mshipi, ya gramu 150 hadi 200, ikiwa nyepesi mkondo unaibeba mshipi unalala pembeni. Juu ya chubwi toa matawi matano au sita ya nailoni nyembamba, kila tawi urefu wa shibiri moja, na kati ya tawi na tawi acha nafasi kama mara tatu ya hapo ili ndoano zisikumbatiane. Ndoano iwe na mdomo wa upana wa kidole kidogo, ndogo zaidi ya hapo utapata watoto watupu. Weka na ile pete inayozunguka inayouzwa maduka ya nyavu, inazuia nailoni kujisokota.

HATUA YA 4: CHAMBO
Dagaa mbichi wa usiku huo huo. Sio wa jana, sio waliolegea tumbo. Pitisha ndoano machoni halafu irudie mgongoni ili asidondoke unaposhusha. Dagaa wakikosekana funga manyoya meupe ya kuku au nyuzi zinazong'aa kwenye shingo ya ndoano, migebuka anawinda kwa macho, kitu kinachometa kikipanda na kushuka anakigonga.

HATUA YA 5: KUTOKA
Mafuta gawa mara tatu, theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi usiiguse. Laifu jaketi kila mtu avae, sio ikaliwe kama mto. Simu kwenye mfuko wa plastiki, tochi, kopo la kukumba maji, kasia hata kama una injini. Sikiliza utabiri wa TMA (watu wa hali ya hewa) mchana, wakisema upepo mkali na mawimbi, usibishane nao. Ziwa hili ni refu mno, linakaribia kilomita 670 kutoka kaskazini mpaka kusini, upepo wa kusini ukipata huo uwanja wote unajenga mawimbi ambayo mtumbwi wa mbao hauyawezi. Na kumbuka nchi zipo nne humu, usiku hakuna mstari juu ya maji, ukikokotwa na mkondo unaweza kukuta uko Congo au Burundi, kwa hiyo kila baada ya muda angalia taa za mjini ziko upande gani au tumia GPS ya simu.

HATUA YA 6: KUTAFUTA DAGAA
Toka saa kumi na moja jioni uwahi mwanga. Angalia ndege weupe wanaopiga mbizi, wakiwa wawili watatu wanazunguka tu hapo bado, wakiwa kundi wanashuka mahali pamoja basi dagaa wamesukumwa juu na kuna kitu kinawasukuma. Angalia pia maji yanayorukaruka vipele vipele wakati hakuna upepo. Giza likiingia zima injini mbali kidogo, sogea kwa kasia, washa taa. Karabai bado zinafanya kazi ila taa za sola zimerahisisha sana maisha, hazizimwi na upepo na hununui mafuta ya taa. Taa iangalie chini kwenye maji, isiwaangalie ninyi usoni. Kisha subira. Vinaanza kuja vidudu, halafu dagaa, unawaona wanazunguka kama wingu la fedha chini ya taa. Wakati huo usishushe mshipi bado.

Utajua migebuka amefika pale wingu la dagaa linapopasuka ghafla, wanakimbia juu mpaka wengine wanaruka. Hapo sasa.

HATUA YA 7: KUVUA
Shusha mpaka pima 20, simama, vuta mkono mmoja juu, achia, vuta, achia. Hakuna kitu ndani ya dakika chache, panda pima 15, halafu 10. Usiku ukikolea wanapanda juu zaidi kwa hiyo usigande kina kimoja usiku kucha. Ukigongwa, soma uzi wako mwekundu, waambie wenzio "pima 12!", wote wahamie hapo. Usipandishe ukigongwa mara moja, subiri kidogo, wakiwa kundi watajaa ndoano mbili tatu kwa pamoja. Kupandisha ni kwa mwendo mmoja bila kulegeza, mdomo wa migebuka ni laini ukilegeza anachomoka.

HATUA YA 8: SAMAKI AKISHAINGIA
Hii ndio hatua inayotia hela mfukoni na ndiyo inayorukwa. Mpige kichwani afe mara moja, mkate koo damu itoke, aingie kwenye boksi la barafu. Kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, kwa joto letu hili usipunguze. Ukimwacha sakafuni mwa mtumbwi mpaka asubuhi anakauka ngozi na macho yanaingia ndani, na mama mnunuzi pale mwaloni anaangalia macho kwanza.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Ujiji: Kaka mimi sina injini, nina mtumbwi wa kasia tu. Naweza au nisijisumbue?
Jibu: Unaweza kabisa ndugu yangu. Ziwa letu kuta zake ni wima, ukitoka kidogo tu ufukweni tayari uko kwenye maji ya kina kirefu. Usiende peke yako, na pale upepo unapoanza kusumbua usisubiri kuona, rudi. Wengine wanaongea na mwenye injini anawavuta kwa kamba kwenda na kurudi wanachangia mafuta, hiyo ni njia nzuri.

Mdau wa Buhingu: Mbalamwezi vipi mkuu? Huku wengi wanapumzika.
Jibu: Wako sahihi kwa uvuvi wa taa. Mwezi ukiwa mkubwa mwanga umesambaa ziwa zima, dagaa hawana sababu ya kuja kwenye taa yako. Tumia siku hizo kushona nyavu, kukagua mtumbwi, kubadilisha nailoni iliyochubuka. Ukilazimika kutoka, vua mapema kabla mwezi haujapanda au alfajiri ukishazama.

Dada mfanyabiashara, Tabora: Shikamooni. Mimi nachukua migebuka Kigoma naleta Tabora kwa treni, wakifika matumbo yamelegea wateja wanalalamika. Nifanyeje?
Jibu: Marahaba dada. Matumbo ndiyo yanayoanza kuoza, hasa akiwa ameshiba dagaa. Mwambie mvuvi wako au watu wa pale mwaloni wawatoe matumbo na matamvua, waoshwe kwa maji safi, halafu uwapange barafu, samaki, barafu, samaki, na boksi liwe na tundu chini maji ya barafu yatoke, wasiogelee humo. Wale ambao hawatauzika siku hiyo hiyo wakaushe kwa moshi Kigoma kabla ya kupakia, usisubiri wafike wamechoka ndio uwakaushe.

Mdau wa Tanga: Kaka huku kwetu tuna jodari wa mapezi ya njano, hii mbinu inamfaa?
Jibu: Wazo la kufuata samaki wadogo na ndege linafaa sana, vifaa havifai kabisa. Migebuka hafiki hata nusu mita na ni ndugu wa sangara, jodari yule anaweza kupita kilo 100, atakukata vidole na hiyo nailoni. Jodari haachi kuogelea maisha yake yote, ndio maana wenzetu wa bahari wanamvua kwa kuburuta chambo nyuma ya boti inayotembea. Halafu mwili wake una joto kuliko maji, asipowekwa kwenye barafu mara moja nyama inatengeneza sumu ya histamini ambayo hata ukipika haitoki. Tafuta mzee wa huko Tanga anayevua jodari ukae naye.

Mdau wa Kibirizi: Tukipata watoto wengi tunawarudisha majini, sio?
Jibu: Rudisha, lakini usijipe moyo sana. Samaki aliyevutwa haraka kutoka pima 20 hewa ya ndani inamvimba, wengi utaona wanaelea tumbo juu hawawezi kushuka. Kwa hiyo ukiona ndoano tatu mfululizo ni watoto, pandisha mishipi yote, zima taa, sogea mahali pengine hata kama wanakula kwa kasi. Na angalia ndoano zako, kama mdomo ni mdogo kuliko nilivyosema hapo juu badilisha kwanza.