Somo: Kompyuta ya zamani, nzito na inayozimika ovyo. Usianze kwa kupiga Windows upya

Ipeleke kompyuta nzito kwa fundi mjini, na kabla hajaifungua atakuambia, "Hii tupige Windows upya." Utapata nafuu wiki kadhaa, kisha uzito utarudi palepale, na picha za harusi zilishafutwa. Kwa mashine hizi zinazotufikia zikiwa zimeshatumika nje, ugonjwa mara nyingi uko kwenye vyuma: diski, joto, RAM (kumbukumbu ya muda ya kazi zilizo wazi) au umeme. Windows ishukiwe mwisho. Fuata hatua kwa mpangilio huu.

Hatua ya 1: Tazama inazimika vipi

Uzito ni jambo moja, kuzimika ni jingine. Ikikatika ghafla kana kwamba mtu amechomoa waya, shuku joto au pawa saplai (kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta). Ikileta skrini ya buluu yenye msimbo tofauti kila mara, shuku RAM. Ikiganda huku taa ya diski imewaka bila kupepesa, kisha ikazinduka yenyewe, hiyo ni diski. Ukija kuomba msaada hapa, eleza hivyo, taja modeli, na weka picha ya skrini uliyoipiga kwa simu. "Kompyuta yangu inasumbua" haitupi pa kushika.

Hatua ya 2: Okoa faili

Nakili kila kitu cha maana kwenye flashi au diski ya nje kabla ya kugusa chochote. Diski ikianza kugonga tik-tik, usiendeshe chkdsk (amri ya Windows ya kukagua diski) wala kipimo chochote kirefu, maana unaweza kuimalizia. Windows ikikataa kuwaka kabisa, andaa flashi ya Linux Mint (mfumo wa bure unaoweza kushika nafasi ya Windows) kwenye kompyuta ya jirani, washa mashine kupitia flashi hiyo bila kusakinisha kitu, kisha nakili faili zako.

Hatua ya 3: Jua imelemewa na nini

Washa, iache itulie dakika kumi, halafu bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha litakalofunguka linaonyesha asilimia za prosesa, RAM na diski. Diski ikikaa 100 ilhali data inayopita ni megabaiti moja au mbili kwa sekunde, umempata mshukiwa. RAM ikijaa kwa kurasa tatu tu za intaneti, Windows inaazima nafasi kwenye diski, na hapo mambo yanakwenda kwa kusuasua. Dirisha hilohilo lina orodha ya programu zinazojiwasha pamoja na Windows. Zima usizozihitaji kila asubuhi, antivirusi iache.

Hatua ya 4: Pima diski

Hapa tukae kidogo. CrystalDiskInfo ni programu ndogo ya bure inayosoma kumbukumbu ambazo diski hujiandikia yenyewe. Buluu ni nzima, njano ni onyo, nyekundu ni msiba. Lakini usiishie kwenye rangi. Shuka hadi mistari ya 05, C5 na C6. Wa kwanza unahesabu sehemu mbovu zilizokwisha kuhamishwa, wa pili zile zinazotiliwa shaka, wa tatu zilizoshindikana kusomeka. Namba zake zikiongezeka wiki hadi wiki, diski inakufa, hata kama leo mashine imewaka vizuri. (Zimeandikwa kwa heksadesimali, kwa hiyo usishtuke ukikuta herufi A katikati ya tarakimu.) Mstari wa C7 ni habari nyingine: ukipanda, mara nyingi mkosaji ni kebo ya SATA, waya unaounganisha diski na ubao mama, kitu cha bei ndogo. Diski nyingi nzima hutupwa kwa kosa la waya.

Hata diski ya kuzunguka ikiwa nzima, ni ya polepole kwa maumbile yake. Kila inaporuka kutafuta kipande cha faili hutumia takribani milisekunde kumi. SSD, yaani diski ya chipu isiyozunguka, hutumia chini ya moja, na Windows ikiwaka inatafuta maelfu ya vipande. Ndiyo maana nasema bila kusita: ukiwa na pesa ya kifaa kimoja tu, nunua SSD ya SATA ya inchi 2.5. GB 240 zinatosha nyumba nyingi. Nunua duka linalokubali kuijaribu mbele yako.

Hatua ya 5: Vumbi na joto

Anayeishi kando ya barabara ya murramu anajua kiangazi cha Desemba hadi Februari kinavyopaka kila kitu rangi nyekundu. Ndani ya kompyuta vumbi hilo huziba mapezi ya kupozea. Prosesa ikipata joto hujipunguzia kasi kwanza, kisha hujizima isiungue, kwa hiyo joto peke yake laweza kuleta uzito na kuzimika kwa pamoja. Chomoa umeme, fungua, safisha kwa brashi laini na blowa, huku umezuia feni kwa kidole isizunguke. Kama grisi ya prosesa imekauka, ifute kwa spiriti na upake mpya kiasi cha punje ya mchele. Baadaye pima kwa Core Temp, programu inayosoma joto la prosesa: prosesa nyingi za Intel zina kikomo karibu na nyuzi 100, na ukiona 90 na kitu kwa kazi ndogo, bado hujamaliza.

Hatua ya 6: RAM na umeme

Toa vipande vya RAM, sugua meno yake taratibu kwa kifutio cha penseli, rudisha kimoja kimoja. MemTest86, programu ya kupima RAM, ukiiwasha kutoka flashi itakupa uhakika, na hata kosa moja halivumiliki.

Umeme ukikatika, chomoa kompyuta. Ukirudi, subiri dakika chache, maana volti hazirudi tulivu kwenye 240 mara moja. UPS (betri ya akiba) au stabilaiza nzuri ni nafuu kuliko ubao mama. Pawa saplai usiifungue kamwe, hubaki na chaji hata ikiwa imechomolewa.

Hatua ya 7: Sasa Windows

Fungua dirisha la amri kama msimamizi. Andika DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, ikimaliza andika sfc /scannow. Zote mbili hurekebisha faili za Windows zilizoharibika. Amri ya kwanza huenda ikatumia bando. Ikishindikana hapo ndipo upige Windows upya, tena juu ya SSD.

MASWALI YA WANACHAMA (kila mmoja kwa jina la mji wake)

Arua: Mwalimu, yangu ina RAM ya GB 2 na Windows ya biti 32. Fundi anataka kuniuzia GB 8. Nikubali?

Jibu: Ndugu, Windows ya nyumbani ya biti 32 haitumii zaidi ya GB 4, hata uweke ngapi. Ukitaka GB 8 utahamia Windows ya biti 64, kwa hiyo hakikisha kwanza prosesa ni ya biti 64 na ubao unakubali GB 8, halafu jua RAM yako ni ya aina gani, DDR2, DDR3 au DDR4, maana haziingiliani.

Gulu: Nilichapisha barua kwenye kafe, sasa faili zote za flashi zimegeuka shotikati.

Jibu: Pole nnyabo. Faili zako zipo, zimefichwa na kirusi. Usibofye shotikati hata moja. Safisha kwa antivirusi kwanza, kisha kama flashi ni E andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* na zitaonekana.

Mbarara: Nikiunganisha kompyuta na simu, bando la siku linakwisha kabla ya saa sita mchana!

Jibu: Windows inashusha masasisho yake kimyakimya. Nenda kwenye mipangilio ya Wi-Fi, fungua jina la simu yako, uiambie kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo (Metered connection). Itapunguza sana ulaji.

Busia: Saa yake inarudi mwaka 2009 kila nikiwasha, na tovuti zinasema si salama.

Jibu: Betri ya ubao mama imekwisha, CR2032 ya volti 3. Badilisha, rekebisha tarehe, tovuti zitafunguka.

Soroti: Natumia sola. Inverta ikichukua mzigo tu, kompyuta inajiwasha upya. Kwa umeme wa kawaida haina tatizo.

Jibu: Ssebo, soma maandishi ya inverta yako. Nyingi za bei rahisi hazitoi wimbi laini la umeme, na baadhi ya pawa saplai hazilivumilii. Nyingine huchelewa kubadilisha chanzo. Ukiweza, iazime inverta ya wimbi laini kabla ya kununua.

Jinja: Prosesa yangu Windows 11 imeikataa, na Windows 10 iliachwa bila masasisho ya kawaida tangu 14 Oktoba 2025. Niitupe?

Jibu: La. Kama ina GB 4 za RAM na SSD, weka Linux Mint ya Xfce, toleo lake jepesi. Barua, YouTube na kazi za shule za watoto zote zinakwenda. Ila fungua kwanza utazame kapasita za ubao mama, vile vikopo vidogo vilivyosimama: zikiwa zimevimba vichwa au zinavuja, usiweke hata shilingi humo. Toa diski na RAM, uza iliyobaki kama vipuri.